Mtoto wa Nyumba ya Maskini Mbele ya Rumanika

Mwanzoni mwa mwaka 1876, mgeni mmoja mfupi wa kimo aliingia Bweranyange, makao ya Omukama Rumanika wa Karagwe. Mwenyeji wake alikuwa mzee mpole, mrefu kupita kiasi, mwenye fimbo ndefu mkononi. Mgeni aliandika baadaye kwamba waliposimama pamoja, kichwa chake kilikaribia tu kufika mabegani mwa mfalme. Mgeni huyo alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa magazeti aliyepata sifa duniani kote kwa kumtafuta Livingstone hadi akamkuta Ujiji mwaka 1871. Safari hii alikuwa ametoka Bagamoyo Novemba 1874 akiwa na watu zaidi ya 300 na mashua ya vipande iliyoitwa Lady Alice.

Rumanika hakumfanyia choyo. Stanley alipiga kambi Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu ambako Hamed bin Ibrahim alikuwa mwenyeji mashuhuri, na kutoka huko akawa anapanda kwenda kuzungumza na Omukama. Alionyeshwa nyumba ya hazina ya ufalme, yenye mikuki ya kila namna pamoja na sanamu za ng'ombe na ndege zilizofuliwa na mafundi wa Karagwe kwa chuma na shaba. Akapewa watu wa kumwongoza hadi Mto Kagera, na kisha hadi chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo ziko Wilaya ya Kyerwa. Huko aliwakuta wagonjwa wamekuja kuoga na kunywa maji hayo wakitafuta nafuu. Siku nyingine Lady Alice ikaunganishwa na kushushwa kwenye ziwa dogo lililo chini ya Bweranyange, ikashindanishwa na mitumbwi ya Wanyambo, na Rumanika akaja mwenyewe kutazama.

Hebu tuwatazame watu wawili hawa. Mmoja aliketi katika kiti ambacho masimulizi ya Karagwe yanakirudisha nyuma, mfalme baada ya mfalme, hadi kwa Ruhinda, mwasisi wa ukoo wa kifalme wa Wahinda. Alijua ukoo wake, alijua mwiko wa ukoo wake, alijua baba yake Ndagara alilala wapi. Mwingine alikuwa na jina ambalo hakulizaliwa nalo. Alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye ni Mmarekani, na yupo aliyeambiwa kwamba kwao ni Missouri. Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Katika nchi ambayo kijana akifika ugenini huulizwa kwanza ni wa ukoo gani, mgeni maarufu kuliko wote waliowahi kupita Karagwe alikuwa mtu ambaye swali hilo lilimkimbiza maisha yake yote.

Kuhusu alikozaliwa Stanley, wapo waliosimulia kwamba alizaliwa katika nyumba ya maskini. Madai hayo yanastahili kuchunguzwa polepole, kwa kuwa yanafundisha jinsi mtu asiye na kitu anavyoacha, au asivyoacha, alama yake katika maandishi.

Mwaka 1834 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya maskini. Kabla ya hapo parokia zilikuwa zikiwapa wasiojiweza msaada wa fedha au mkate wakiwa majumbani mwao. Sheria mpya iliziunganisha parokia katika vyama, na kila chama kikajenga jumba kubwa lenye kuta ndefu. Anayetaka kulishwa ilimbidi aingie humo. Akiingia, nguo zake zilichukuliwa na kupewa sare. Mume alitengwa na mke, wavulana wakatengwa na wasichana. Wenye nguvu walipewa kazi za kuchosha, kama kuvunja kokoto au kufumua kamba kuukuu za meli. Waliotunga sheria walisema wazi kwamba maisha ya ndani lazima yawe mabaya kuliko ya kibarua fukara kuliko wote wa nje, ili mtu asiingie ila amekwama kabisa. Wazee waliingia humo kufa. Wasichana waliopata mimba bila ndoa waliingia kujifungua, kwa sababu familia zao ziliwafukuza na hospitali za watu wa hali yao hazikuwapo. Ndiyo maana maelfu ya Waingereza na wazao wao, Marekani na Australia, wakianza kuwatafuta mababu zao hugundua kwamba babu au bibi fulani huenda alizaliwa ndani ya kuta hizo. Charlie Chaplin, aliyechekesha dunia nzima, aliingizwa katika nyumba ya namna hiyo huko Lambeth, London, mwaka 1896 akiwa mtoto wa miaka 7.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Katika mji mdogo wa Denbigh, kaskazini mwa Wales, kuna kanisa la Mtakatifu Hilary. Kitabu chake cha ubatizo cha Februari 1841 kina mtoto aitwaye John Rowlands. Mama yake ni Elizabeth Parry, msichana asiye na mume. Pembeni mwa jina la mtoto karani wa kanisa aliandika neno moja la kumtambulisha kuwa ni mwanaharamu. Hivyo ndivyo Stanley alivyoingia katika maandishi ya dunia kwa mara ya kwanza, akiwa na umri usiofika mwezi mmoja.

Baba? Jina la Rowlands lilitoka kwa mkulima kijana wa jirani, John Rowlands, mlevi aliyekufa mwaka 1854 bila kumshughulikia mtoto. Lakini mjini Denbigh palikuwa na mnong'ono mwingine, kwamba baba halisi alikuwa mwanasheria mwenye mke na heshima zake, James Vaughan Horne. Waandishi wa maisha ya Stanley wamelirudia jambo hili bila kulimaliza, na kitabu cha ubatizo hakiwezi kulimaliza pia, maana karani aliandika alichoambiwa.

Mahali alipozaliwa panajulikana vizuri zaidi. Ni nyumba ndogo ya babu yake, Moses Parry, mchinjaji wa nyama, iliyoegemea ngome kongwe ya Denbigh. Ushahidi mmoja alituachia Stanley mwenyewe, tena bila kukusudia. Mwaka 1866 alirudi nyumbani amevaa sare ya ofisa wa jeshi la majini la Marekani, cheo ambacho hakuwa nacho. Akapanda ngomeni akatia saini katika kitabu cha wageni. Aliandika jina la John Rowlands, akaongeza kwamba zamani alikuwa mkazi wa ngome hiyo na sasa ni ofisa wa jeshi la majini Marekani. Cheo kilikuwa cha uongo. Jina na ngome vilikuwa kweli. Mtu aliyetaka kujificha alishindwa kuacha kuandika kwao ni wapi.

Kwa hiyo jibu ni kwamba hakuzaliwa katika nyumba ya maskini. Lakini nyumba hiyo ilimngoja, na njia iliyompeleka huko ndiyo ngumu kuisoma kwa moyo mkavu.

Mama yake alikwenda London kutafuta kazi, akamwacha mtoto kwa Moses Parry. Mzee huyo alimpenda. Mwaka 1846 akaanguka ghafla na kufa, mtoto akiwa na miaka 5. Wajomba zake waliokuwa na biashara yao hawakutaka kuishi naye, wakampeleka kwa jirani, mzee Richard Price na mkewe, kwa malipo ya shilingi mbili na nusu kwa wiki. Baada ya miezi kadhaa wajomba walioa, na malipo yakakoma. Tarehe 20 Februari 1847 kijana wa nyumba hiyo, Dick Price, alimwambia mtoto kwamba wanakwenda kwa shangazi Mary. Ni mwendo wa maili kadhaa. Kila mtoto alipochoka Dick alimbeba mabegani, na kila alipouliza alijibiwa kwamba shangazi yuko karibu. Wakafika mbele ya jumba kubwa la mawe lenye lango la chuma. Dick akavuta kengele. Mtu mmoja akatoka, akamshika mtoto mkono akamwingiza ndani, lango likafungwa. Mtoto akapiga kelele. Dick alikuwa amekwisha kugeuka kurudi. Hilo lilikuwa jumba la maskini la St Asaph, na shangazi Mary hakuwamo.

Akakaa humo miaka 9. Wakaguzi wa elimu waliofika Wales mwaka huohuo 1847 waliandika kwamba watoto wa nyumba hiyo walikuwa wakilala wawiliwawili kitandani, mkubwa na mdogo, na kwamba wadogo walijifunza mambo yasiyofaa kabla ya wakati. Mwalimu wao, James Francis, alikuwa mchimbaji wa migodi aliyepoteza mkono mmoja kazini, na baadaye alirukwa na akili.

Siku moja, Stanley akiwa na miaka kama 9 au 10, Francis alimjia wakati wa chakula akamwonyesha mwanamke mrefu mwenye uso wa yai na nywele nyingi nyeusi zilizofungwa kisogoni. Akamwuliza kama anamjua. Mtoto akasema hapana. Akaambiwa, yule ni mama yako. Alikuwa ameingia humo akiwa na watoto wengine wawili, fukara kama mwingine yeyote. Stanley anasimulia kwamba alimtazama akitarajia moyo wake ufunguke, lakini mama alimtazama kwa ubaridi, na mlango wa moyo wake ukajifunga. Baada ya wiki chache mama akaondoka na kumwacha humo binti yake mmoja, Emma. Mwaka 1862 Stanley, sasa kijana, mgonjwa na mwenye nguo chakavu, alirudi kumwona. Mama akamwambia asirudi tena mpaka awe na hali bora.

Tumezoea kusema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi siwezi kumhukumu Elizabeth Parry. Alikuwa msichana asiye na elimu katika nchi iliyomwadhibu mwanamke peke yake kwa kosa la wawili, na baba wa mtoto, awe mkulima au mwanasheria, aliendelea kutembea mjini akiwa huru. Lakini naelewa kwa nini mtoto aliyepita hapo alijitengenezea ukoo mwingine.

Alianza kwa kuvuka bahari. Mwishoni mwa 1858 alipanda meli Liverpool kama mhudumu wa chumba cha nahodha, akafika New Orleans mapema 1859. Meli hiyo iliitwa Windermere. Na ziwa lile dogo chini ya Bweranyange, ambalo Lady Alice ilielea juu yake mwaka 1876, lilikuwa limekwisha kupewa na Speke, mpelelezi aliyemtangulia Stanley, jina hilohilo la ziwa la Uingereza: Windermere Ndogo. Stanley alilitumia jina hilo katika kitabu chake. Wanyambo walikuwa na jina lao, lakini ramani za Ulaya ziliandika lile la wageni.

New Orleans alikutana, kwa maelezo yake, na tajiri wa pamba aliyeitwa Henry Hope Stanley, ambaye alimchukua kama mwanawe na kumpa jina lake. Tajiri huyo alikuwapo kweli. Watafiti waliofuatilia nyaraka za Louisiana walishindwa kupata dalili ya undugu wowote kati yao, na leo wengi wanakubali kwamba Stanley alijiasili mwenyewe: alichukua jina la tajiri, kisha akatunga habari ya kuchukuliwa. Alichotaka ni baba. Alipomkosa, akamwandika.

Siri haikukaa. Mwaka 1869 alimwandikia barua ndefu msichana wa Denbigh, Katie Gough Roberts, aliyetaka kumwoa, akamweleza ukweli wote wa kuzaliwa kwake. Katie akaolewa na mwingine, barua ikabaki mikononi mwa watu. Mwaka 1872, baada ya habari za Livingstone, magazeti ya Wales yalitangaza kwamba Mmarekani huyo ni John Rowlands wa nyumba ya maskini ya St Asaph. Alikanusha. Alikanusha kwa ukali, hadharani, tena na tena. Alipokufa London mwaka 1904 alikuwa ameandika sehemu ya maisha yake, na mkewe Dorothy akaihariri na kuichapisha mwaka 1909. Humo ndipo dunia iliposoma habari za Dick Price na lango la chuma kutoka kwa kalamu yake.

Hata humo, ukweli na utunzi vimechanganyika. Anasema alitoroka nyumba hiyo baada ya kumpiga Francis hadi akazimia, kisha akaruka ukuta na rafiki yake. Ni simulizi tamu ya mtoto anayelipiza. Lakini daftari la nyumba, ambalo karani aliliandika siku hiyo bila kujua anamwandika nani, linasema kwamba mwezi Mei 1856 John Rowlands aliondoka kwenda kwa jamaa yake katika shule ya Holywell. Daftari halijui kwamba mtoto alihitaji kushinda. Na Biblia aliyopewa na Askofu Short wa St Asaph mwezi Januari 1855, kwa bidii yake darasani, inaonyesha kwamba nyumba hiyo, pamoja na ukatili wake, ilimfundisha kusoma na kuandika vizuri kuliko watoto wengi wa vibarua waliokuwa huru nje ya ukuta.

Hapo ndipo ninapokomea kila ninapoisoma habari hii. Nyumba ya maskini iliandika kila kitu kwa sababu ya ubahili. Kila mkate ulilipiwa na walipa kodi wa parokia, na walipa kodi walitaka kujua nani amekula, ametoka parokia gani, aliingia siku gani na alitoka lini. Kwa hiyo palikuwa na daftari la walioingia na kutoka, daftari la waliozaliwa na kufa, daftari la dini ya kila mtu, na kumbukumbu za vikao vya wasimamizi. Juu ya hayo kulikuwa na sensa kila baada ya miaka 10. Mzao wa mtu aliyezaliwa humo leo anaweza kumfuatilia bibi yake kwa tarehe, kutoka lango hadi lango. Anatakiwa tu awe mwangalifu na jambo moja: tangu mwaka 1904 wasajili wa vizazi Uingereza walielekezwa wasiandike jina la nyumba ya maskini katika cheti, ili mtoto asiaibike ukubwani. Badala yake ikaandikwa namba ya nyumba na mtaa. Wazao wengi wameshangaa kuona bibi zao walizaliwa katika mtaa usio na nyumba hiyo. Anwani ile ni ya lango la maskini, imevikwa nguo nzuri.

Kwa upande wa Karagwe hali ilikuwa kinyume. Hapa ngoma na vinywa vya wazee viliwatunza wafalme. Profesa Israel Katoke, mwana wa nchi hii, aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu chake cha historia ya ufalme wa Karagwe kilichotoka mwaka 1975, na bila kazi kama yake tungekuwa tunasoma habari zetu kwa Speke na Stanley peke yao. Lakini masimulizi ya ikulu yanamkumbuka nani? Yanamkumbuka Rumanika na ndugu yake Rogero, waliogombea kiti baada ya Ndagara kufa. Rumanika mwenyewe alimsimulia Speke kwamba waliwekewa ngoma ndogo iliyojazwa nguvu za dawa ikawa nzito, ndugu zake wakashindwa hata kuisogeza, naye akainyanyua kwa kidole kidogo. Wafanyabiashara wa Kiarabu na bunduki zao nao walikuwa na sehemu yao katika ushindi huo. Mwanamke aliyewapikia, mchungaji wa ng'ombe wa mfalme, mtumwa aliyeuzwa Kafuro kwa bei ya nguo, hao hawamo katika orodha yoyote.

Na katika msafara wa Stanley alikuwamo kijana ambaye habari yake inaumiza zaidi ya ile ya bwana wake. Mwaka 1871, karibu na Tabora, Mwarabu mmoja alimpa Stanley mtoto mtumwa kama zawadi. Mtoto huyo aliitwa Ndugu M'hali. Stanley hakulipenda jina, akawauliza watu wake wapendekeze lingine, na katika yaliyotajwa akachagua Kalulu. Wakaleta bakuli la maji akabatizwa jina jipya papo hapo. Mtu aliyejibandika jina la tajiri wa New Orleans alimfuta mtoto mwingine jina lake kwa maji ya bakuli, wala hakuna dalili katika maandishi yake kwamba aliona kufanana. Kalulu alipelekwa Ulaya na Marekani, akasoma shule huko London, sanamu yake ya nta ikawekwa katika jumba la Madame Tussaud. Akarudi katika safari ya 1874. Machi 1877 alizama katika maporomoko ya Mto Kongo, na Stanley akayapa maporomoko hayo jina la Kalulu. Jina la John Rowlands lina kitabu cha ubatizo, daftari la nyumba ya maskini na kitabu cha wageni ngomeni. Jina la Ndugu M'hali lina mstari mmoja katika kitabu cha aliyelifuta.

Kuna jambo ambalo mtu wa Kagera hawezi kulinyamazia. Miezi michache kabla ya kufika kwa Rumanika, Agosti 1875, Stanley alirudi kisiwa cha Bumbire, katika Ziwa Victoria, kulipiza kisasi kwa watu waliomtisha na kumnyang'anya makasia Aprili ya mwaka huo. Alikaa na bunduki zake ndani ya mitumbwi, mbali na ufikio wa mishale, akawafyatulia watu waliojipanga ufukweni. Aliandika mwenyewe kwamba aliua makumi. Hata Uingereza ya wakati huo palikuwa na waliomlaani kwa hilo. Lango la St Asaph linaeleza mengi kuhusu hasira ya mtu huyu na njaa yake ya kuheshimiwa. Haliwezi kumtoa hatiani Bumbire. Watoto wengi waliingia lango lile, na hawakuja kuua wavuvi wa Kagera.

Kabla ya Stanley alitangulia John Hanning Speke, aliyefika kwa Rumanika Novemba 1861. Yeye hakuwa na tatizo la kujua baba yake. Alileta tatizo la aina nyingine. Kwa kuwatazama Wahinda na kuupenda urefu wao na adabu zao, alijiaminisha kwamba watu kama hao hawawezi kuwa Waafrika wa asili ya hapa. Akamweleza Rumanika kwamba mababu zake walitoka Uhabeshi, na kupitia huko wana uhusiano na Mfalme Daudi wa Biblia. Hakuwa na hati, hakuwa na shahidi, hakuwa na kaburi la kuonyesha. Alikuwa na dhana tu, akaichapisha mwaka 1863. Wasomi na watawala wa kikoloni wakaibeba, Wajerumani na kisha Wabelgiji wakaitumia Rwanda kuwapanga watu kuwa wazawa na wageni. Baada ya miaka zaidi ya 100 wenye siasa za chuki wakawaambia Watutsi warudishwe kwao Uhabeshi kupitia mtoni. Mauaji ya kimbari ya 1994 yalipotokea, Mto Kagera, uleule aliouchunguza Stanley kwa msaada wa Rumanika, ulileta maiti.

Mamia ya maelfu ya watu wakavuka kuingia Ngara na Karagwe. Wamo waliokimbia kwa hofu, na wamo waliokuwa na damu mikononi. Kambi zikajaa, na kambini watoto wakazaliwa. Mwishoni mwa 1996 wengi wakarudishwa Rwanda. Mtoto aliyezaliwa Karagwe katika kambi ya Chabalisa mwaka 1995 leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, na siku moja mjukuu wake atauliza alikozaliwa babu. Huo ndio mfano wetu wa karibu zaidi na nyumba ya maskini: mahali pa kulishwa kwa foleni, palipoandika majina kwa ajili ya mgawo wa chakula, palipobomolewa haraka, na ambapo wengi hawapendi kupataja.

Wenye historia ya namna hiyo wasione haya. Jumba la St Asaph baadaye liligeuzwa hospitali na kupewa jina la Stanley, ikahudumia wagonjwa hadi mwaka 2012. Denbigh wakamsimamishia sanamu mwaka 2011, na miaka 10 baadaye, kwa sababu ya aliyoyafanya Afrika, wakazi wakapiga kura kuamua kama iondolewe, wengi wakataka ibaki. Wamebishana hadharani kwa sababu nyaraka zipo mbele yao, za mtoto aliyeonewa na za mtu mzima aliyeonea.

Sisi wa Ndama, Kayanga na Bweranyange, na wenzetu wa Kyerwa, hatuna daftari la St Asaph. Tunavyo vitabu vya ubatizo vya misheni, kuanzia Kashozi iliyofunguliwa mwaka 1892. Tunazo rejista za hospitali kama Nyakahanga. Tuna kadi za kliniki zinazoliwa na mchwa masandukuni, na tuna wazee. Kaa na bibi yako jioni moja, kabla ya msimu ujao wa kahawa, umwulize mama yake aliitwa nani, alizaliwa kilima gani, ni nani aliyemzalisha, na kama kuna mtu katika ukoo aliyekuja akiwa mtumwa, mpagazi au mkimbizi. Andika majina yote, na ya hao hasa, kwa wino, uweke tarehe na jina la aliyesimulia. Kisha nakala moja mpe mtoto wa ndugu yako anayeishi mbali.